Mikono ya Nahla

Mwalimu Kazija alirudi Pemba siku ya Jumapili, na Jumatatu asubuhi akafika skuli kengele haijagongwa. Alikuwa Unguja kwa mafunzo, wiki tatu hivi, na alirudi na mengi kichwani: alama mpya za mikono za kufundishia viziwi somo la baiolojia, namna mpya ya kupanga madawati, na hamu ya kuwaona watoto wake. Ndivyo alivyowaita, watoto wangu, ingawa alikuwa na wa kuwazaa mwenyewe nyumbani na walimu wenzake wakimtania kwa hilo.

Watoto hao walikuwa viziwi watatu wa Kidato cha Pili: Shamima wa Shumba, Fahmi wa Kiuyu, na Asma ambaye kwao ni hapo hapo jirani na skuli. Walikaa madawati ya mbele, upande wa dirisha, penye mwanga, ili waione vizuri mikono ya mwalimu anayewafasiria. Asubuhi ile Kazija alichungulia darasani akakuta madawati yale yamekaliwa na wengine.

"Shamima na wenzake wako wapi?" alimuuliza Nusaiba, msichana aliyezoea kukaa ubavuni mwa Shamima.

Nusaiba alisimama. "Hawaji tena, mwalimu. Tumeambiwa wamehamishwa."

"Wamehamishwa na nani?"

"Tumeambiwa tu, mwalimu."

Kazija ndiye aliyekuwa mratibu wa elimu mjumuisho pale skuli, na kazi ile hakuna aliyempa ikiwa tayari imeshatengenezwa. Alipohamia alikuta hakuna mwalimu hata mmoja anayejua lugha ya alama. Yeye aliijua kwa sababu ya marehemu mdogo wake, aliyezaliwa hasikii. Alikwenda Shumba si mara moja kumwomba babake Shamima, mzee aliyekuwa akishikilia kwamba mtoto asiyesikia akipelekwa skuli atakwenda kutazama midomo ya watu inavyochezacheza. Siku moja mzee alikataa hata kutoka nje, na Kazija akakaa ukumbini na mkoba wake mapajani, akapewa chai, akapewa na chakula cha mchana, mpaka mzee akaona haya akatoka kumsikiliza.

Kisha akaja Nahla, mwalimu kijana wa Kiingereza, mpole, mume wake yuko Unguja. Alipoona Kazija anakimbia kutoka darasa hili kwenda lile alisema, "Dada, nifundishe na mimi." Kazija alimfundisha barazani kwake, kila baada ya Alasiri, na hao watoto wakialikwa kuja kumsahihisha. Mwisho mikono ya Nahla ikaishinda ya Kazija kwa wepesi. Watoto walimpa jina lake la alama, vidole vinavyopepea. Jina la Kazija lilikuwa kidole kinachogusa shavu la kulia, alipo na kidoti. Kazija hakumwonea Nahla wivu. Kila mgeni aliyefika skuli alimwonyesha: tazameni huyu anavyofasiri.

Wiki zote zile za mafunzo, Nahla alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti kwenye simu. "Huku salama, dada. Watoto wazima, wanasoma. Shamima anakusalimu sana."

Kazija alitoka darasani akaenda moja kwa moja afisini kwa mwalimu mkuu. Mwalimu Ridha alimpokea vizuri, akamuuliza habari za Unguja na za safari, akamwambia akae kitako.

"Najua kilichokuleta," alisema. "Tulifanya kikao na wazazi, na watoto wenyewe wakiwepo. Wamekubali watoto wapelekwe Unguja, kwenye skuli inayowafaa, yenye dakhalia ya kulala wanafunzi na walimu wa kutosha."

"Skuli gani, mwalimu?"

"Nafasi bado zinatafutwa. Wakisubiri nyumbani wataitwa."

"Wanasubiri nyumbani, na mtihani wa taifa uko mlangoni?"

Mwalimu Ridha alizipanga karatasi zilizokuwa zimepangika. "Mwalimu Kazija, tusemezane kama watu wazima. Mwaka jana skuli hii ilikuwa mkiani mwa wilaya. Mimi ndiye ninayeitwa kwenye vikao nikaulizwa. Watoto wale hawatafaulu, na wewe unajua."

"Asma ni wa nne darasani."

"Asma, ndiyo. Na wengine wawili?"

Kazija aliuliza nani aliwafasiria watoto kwenye kikao.

"Mwalimu Nahla alikuwepo," alisema Ridha, akainua simu yake kuonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha.

Kazija alimkuta Nahla nyuma ya maktaba. Nahla alipomwona, machozi yalimtoka kabla ya salamu. "Nilishindwa kuwazuia, dada. Wazazi walishaamua. Nilitaka nikwambie ana kwa ana, si kwa simu." Kazija alimkumbatia. Alimwambia asijilaumu, aliyekosa ni mwenye afisi, wao watakwenda nyumba kwa nyumba wawarudishe watoto. Nahla aliitikia kwa kichwa, lakini alipoulizwa kama wataondoka pamoja mchana ule, alisema kichwa kinamuuma.

Kwa hiyo Kazija alipanda skuta yake peke yake akaenda Shumba.

Mwanamize, mamake Shamima, alikuwa uani akigeuza mwani uliotandazwa juani. Alimjibu salamu bila ya kuinua uso, na hilo lilimshangaza Kazija, kwani nyumba ile ilikuwa haimwachi aondoke bila ya kula.

"Nimekuja kumwona Shamima, Bi Mwanamize."

"Yumo ndani."

Shamima alitoka na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Alikuwa amekonda, au labda ni kule kutovaa sare. Kazija aliinua mikono kumsalimu, na Shamima akafumba macho.

Hakugeuka wala hakuondoka. Alisimama pale pale mlangoni, macho kayafumba kwa nguvu kama mtu aliyeingiwa na mchanga. Kazija alijua maana yake. Mtu anayesikia akichukia maneno huziba masikio. Kazija alikaa na mikono yake hewani, haina wa kuisoma, kisha akaishusha.

"Nimemkosea nini?" alimuuliza mama.

Mwanamize aliuacha mwani. "Na weye waniuliza mie? Si umetuchoka, mwalimu? Kama mzigo ushakulemea, ungekuja ukatwambia wenyewe. Mtu mzima husema. Si kumtuma mwenzio."

"Sijamtuma mtu."

"Mwalimu mkuu katwambia fikra ni yako, mratibu mwenyewe kasema watoto wano wahamishwe, ndo sababu hayupo, kenda kuwatafutia nafasi. Mie sikumwamini mwalimu mkuu. Nikamtazama Mwalimu Nahla, nikamuuliza, ni kweli? Kanambia ni kweli."

"Bi Mwanamize, kwa nini hukunipigia simu?"

"Nikupigie nikubembeleze? Baba yake alinambia toka mwanzo kwamba mtatuachia njiani. Siku ile alikaa akanitazama tu, hakusema neno. Afadhali angenitukana."

Kazija alimsogelea Shamima, akamshika mkono. Binti alijaribu kuuvuta. Kazija hakuuachia, wala hakuukaza, akangoja hivyo hivyo mpaka macho yakafumbuka. Akamwambia kwa alama, taratibu: sikusema. Nilikuwa sijui.

Shamima alimtazama kwa muda mrefu. Kisha mikono yake ikaanza kwenda, mbio, kwa hasira, na Kazija akalazimika kumwomba arudie. Alirudia. Alimwonyesha kikao kizima kama kilivyokuwa: watu wazima wamekaa kwenye viti, midomo inacheza, Nahla amesimama mbele yao watatu. Fahmi aliuliza, Kazija anajua? Hapo Shamima alivipepesha vidole, jina la Nahla, kisha akagusa shavu lake la kulia, jina la Kazija. Na baada ya jina lile akaweka maneno aliyoyaweka Nahla: kachoka. Hataki viziwi tena. Anataka wanafunzi wanaosikia.

Alama ya kuchoka ile, mabega yakianguka na viganja vikiteleza kifuani, Kazija ndiye aliyemfundisha Nahla barazani kwake. Alikumbuka hata walivyocheka siku hiyo, kwa sababu Nahla aliifanya kwa kuzidisha.

Ndipo alipoelewa. Nahla asingefasiri vile kwa kutishwa. Mwenye kutishwa angeyapeleka maneno ya mwalimu mkuu kama yalivyo. Swali lile la Fahmi hakuna mtu mzima aliyelielewa mle ndani ila Nahla, na jibu lake alilitunga mwenyewe. Alimuuliza mama kikao kilikuwa siku gani, akahesabu, na jioni ya siku hiyo hiyo ndipo Nahla alipomtumia ujumbe wa sauti: Shamima anakusalimu.

Alirudi mjini hajui amepita wapi. Nahla alikuwa nyumbani kwake akikunja nguo, na sanduku liko wazi kitandani. Kazija hakukaribishwa wala hakungoja kukaribishwa.

"Umewaambia mimi nimewachoka."

Nahla alikaa juu ya kitanda. Safari hii hakulia. "Nani kakwambia?"

"Aliyeambiwa."

Nje jirani alikuwa akimwita mtu aje kufunga mbuzi.

"Barua yangu ya uhamisho ilikuwa afisini kwa Mwalimu Ridha tangu mwaka jana," alisema Nahla mwishowe. "Kila nikimfuata ananiambia siwezi kuondoka, nani atawafasiria watoto wa Kazija. Mume wangu ameshaanza kusema maneno mengine. Mwalimu Ridha akanambia, watoto wakiondoka, na wewe huna kizuizi."

"Ungeniambia."

"Ungesema nivumilie. Wewe kila mtu unataka avumilie kama wewe."

"Huenda ningesema hivyo. Lakini kwa nini jina langu? Ungewaambia mwalimu mkuu ndiye asiyewataka. Ungewaambia ni wewe uliyechoka."

"Wasingeondoka," alisema Nahla. "Fahmi alisema hatoki mpaka Kazija aje. Wamekuzoea wewe. Ni wewe tu wangeweza kukusikia."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia ya kufika sokoni. Kazija alimtazama vile vidole vyake vyembamba vilivyolala juu ya khanga. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia njia nzima ya kutoka Shumba. Aliondoka nayo.

Kesho yake alikwenda afisi ya elimu ya wilaya, na Mwanamize akafuatana naye, amevaa buibui lake la kwendea harusini. Afisa aliyewapokea, Bi Khairiya, aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza uhamisho huo umeidhinishwa na nani. Hakuna aliyeuidhinisha. Hapakuwa na nafasi yoyote Unguja iliyoombwa. Bi Khairiya alimpigia Mwalimu Ridha mbele yao, akamwambia watoto warudi darasani na yeye mwenyewe afike afisini kujieleza. Mwalimu Ridha alikwenda, akajieleza, akapewa onyo, akarudi kwenye kiti chake. Kazija alipokutana naye ukumbini alimwamkia kama kawaida, naye akaitikia, kwani lazima wafanye kazi pamoja.

Asma alirudi siku hiyo hiyo. Shamima alirudi baada ya babake kusema maneno yake yote, na yalikuwa mengi. Fahmi hakurudi. Kazija alimfuata Kiuyu akaambiwa ameshachukuliwa na mjomba wake kwenda Tanga, kwenye kazi ya kuchomelea vyuma, na namba ya mjomba ikawa haipatikani. Mamake Fahmi alisema labda ndiyo riziki yake. Kazija alimpa mkono, akatoka, akakaa juu ya skuta pale njiani bila ya kuiwasha.

Uhamisho wa Nahla ulipita. Siku ya kuondoka alipeleka mtu kuomba radhi kwa niaba yake. Kazija alimwambia yule mtu kwamba salamu zimefika. Asingeweza kusema amesamehe, maana hakusamehe, na jambo la kusema kisicho moyoni alikwishaliona linavyofanya.

Sasa anafasiri peke yake, vipindi vya asubuhi hadi adhuhuri, na vyake vya jiografia anavifundisha kwa kusema na kuonyesha kwa wakati mmoja. Jioni mabega humuuma mpaka hawezi kuchana nywele. Watoto wanafuata somo. Shamima anaandika, anauliza, mtihani wa majaribio amefanya vizuri kuliko alivyotazamiwa.

Lakini wiki iliyopita Kazija aliwaambia kwamba Alhamisi atakwenda hospitali Chake Chake, hatakuwepo, na Ijumaa atarudi. Alilisema kwa sauti kwa darasa zima, akalisema kwa mikono kwa wale wawili. Asma aliitikia. Shamima alimtazama mpaka alipomaliza, kisha akachukua kalamu, akaandika pembeni ya daftari, "Kwa mdomo kasemaje?" akamsogezea Nusaiba. Nusaiba alisoma, akamtupia jicho mwalimu kwa haya, akaandika jibu fupi. Shamima akalisoma. Hapo ndipo alipogeuka kwa Kazija na kuitikia kwa kichwa.

Kazija aliona yote hayo. Aligeukia ubao akaanza kuchora ramani ya mito, na alipoirudisha mikono mbele ya darasa alihakikisha kila alama inakwenda polepole, wazi, ili mwenye kutaka kuhakikisha apate nafasi ya kufanya hivyo.