Kijiko cha Marehemu

Siku ya tisa ya maombi, kome wakiwa wameshafukiwa kwenye shimo la mawe ya moto, simu ya Eduvina iliita. Walikuwa watu wa maabara. Sampuli ya kome aliyoipeleka mwenyewe kutoka ufuo wa nyumbani imekutwa na sumu kupita kiasi, ghuba ifungwe. Akajibu, "Sawa." Tangu wamzike mama yake alikuwa akijibu sawa kwa kila jambo, wala chozi halikumtoka.

Na kwetu kisiwani Chiloé, jamani, waombaji wa marehemu hawaondoki na njaa. Wanyime chakula siku ya tisa uone. Utasemwa mpaka wajukuu zako waoe. Lakini kazi ya Eduvina ni kupima ule mwani mdogo usioonekana kwa jicho, ambao kome huumeza wasidhurike, akadhurika mlaji. Akasimama mbele ya watu.

"Samahanini. Kome hawaliwi. Wana sumu."

"Mbona maji ya bahari hayajawa mekundu?" akauliza Mama Zunilda, kiongozi wa maombi.

"Si lazima yawe mekundu, mama."

Rosamel, kaka mdogo wa Eduvina, ndiye aliyewachimbua wale kome ufuoni tangu alfajiri. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Dada, unatuvua nguo mbele za watu!" Akaingia ndani, akatoka na kijiko cha fedha cha marehemu. Maisha yake yote mama yao alikichovya kwenye mchuzi wa kome: kikiwa cheusi, mwaga, kiking'aa, kula. Rosamel akafukua shimo, akakichovya kwenye mchuzi wa kome. Kikatoka kinang'aa.

"Haya, mama ameshasema!"

"Kijiko hakijui kitu, Rosamel. Usile."

"Kati ya mama na maabara, nani alikulea?"

Kuamini kijiko, mtu mzima! Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Akala mmoja, akala wa pili huku akimkazia macho dada yake, akamaliza sahani.

Eduvina angeweza kumpokonya. Baadaye alijiuliza kwa nini hakufanya hivyo. Alichota kome wachache wa kupeleka maabara, waliobaki akawamwagia mafuta ya taa. Wageni wakala viazi vitupu, wakaondoka wakinong'ona.

Hawajafika mbali, Rosamel akagusa mdomo wake. "Dada, mbona midomo imekufa ganzi?"

Ndani ya gari la wagonjwa ganzi ikashuka vidoleni, kisha miguuni. Sumu ile haina dawa. Mtu hupumuliwa na mashine mpaka imtoke mwilini. Eduvina akamshika mkono.

"Unasikia nikikubana?"

"Sisikii kitu."

"Hata mimi," akasema. "Tangu tumzike mama."

Rosamel alitaka kujibu, ulimi ukakataa.

Kesho yake asubuhi, mashine ikiendelea kumpumulia, kidole chake kimoja kilimbana dada yake mkononi. Kidogo tu. Eduvina akakisikia. Akapiga yowe lililotoka tumboni, akaanguka chini akilia. Wauguzi wakaja mbio, wakidhani ndugu yake amekata roho.

"Si yeye ninayemlilia," akawaambia. "Ni mama."