Kijiko Ndani ya Soksi

Nilianza kwa kukiona kijiko. Mlinzi mpya wa jengo letu aliinama kufunga kamba za buti, suruali ikapanda, na juu ya kifundo cha mguu wa kulia ukachungulia mpini wa kijiko cha kulia, umechomekwa ndani ya soksi nyeusi. Alipomaliza aliugusa mara moja, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa, akashusha suruali.

Nilikuwa napiga deki pale chini kwenye mapokezi. Nikabaki nimeshika mopu, maji yakitiririka hadi kwenye viatu vyangu.

Maisha yangu yote nilikuwa nimemwona mtu mmoja tu anayeweka kijiko ndani ya soksi. Alikuwa babu yangu Gerishon. Shambani alikuwa nacho, kanisani alikuwa nacho. Watu waliosimama nyuma yake kwenye foleni ya sadaka walicheka mpaka wakazoea.

Hii ilikuwa mwaka 2014, kwenye jengo la ghorofa saba mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha, nchini Qatar. Nilikuwa msafisha ngazi, na mwenzangu alikuwa Velma wa Kakamega, ambaye angeweza kuongea hata na lifti. Mimi si mtu wa maneno. Niliacha shule darasa la sita, na hata huko mwalimu akiniuliza swali nilijibu kwa kutazama dawati.

"Si umwongeleshe tu huyo mzee!" Velma aliniambia siku ya tatu. "Atakukula? Kazi yake ni kukaa kwa kiti."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie, mzee, umesahau kijiko kwa soksi. Kwani ni siri ya serikali?"

Velma hakujua kwa nini kijiko hicho kilininyima usingizi. Ngoja nieleze.

Kwetu ni Samia, upande wa Kenya, karibu na mpaka wa Uganda. Babu aliacha nyumbani mke na watoto watatu, akavuka mpaka kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa huko Luwero. Mwaka 1982 barua zikakatika. Uganda ilikuwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, na huko Luwero ndiko vilikokuwa vinawaka. Alirudi mwanzoni mwa 1986 akiwa na shati moja na kijiko kimoja. Alipoulizwa alikuwa wapi miaka minne, alisema, "Nilikuwa na watu." Hakuongeza neno mpaka alipokufa mwaka 1999, nami nina miaka saba.

Basi kila mtu akajitengenezea jibu lake. Baba mdogo Jeremiah alisema baba yake alikuwa sajini wa vita vya msituni. Majirani walisema alikuwa anavusha kahawa ya magendo. Nyanya hakusema kitu. Sasa ukoo ulikuwa umeamua kulijenga kaburi lake Desemba hiyo, simenti na jiwe lenye maandishi, na baba mdogo alitaka liandikwe SAJINI GERISHON, ASKARI SHUJAA. Alikwenda hadi Kampala kumtafuta kwenye orodha za wapiganaji. Hakuna Gerishon.

"Basi andikeni jina tu," Nyanya alisema. "Uongo wa mdomo unapita na upepo. Uongo wa simenti nitalala kando yake milele."

Aliniambia hayo kwenye simu, kisha akaongeza: "Lakini Loice, ningependa kujua. Nilizaa naye watoto sita, na miaka minne ya mume wangu siijui."

Fundi alitaka maneno ya jiwe kabla ya mwisho wa Novemba. Tulikuwa tarehe kumi na moja.

Siku ya tano nilimpelekea mlinzi chai. Sikuwa na njia nyingine ya kusimama mbele yake. Aliitwa Mzee Dominiko, Mganda, mwenye mvi kwenye masharubu tu.

"Asante, mutoto wangu," alisema. Nikasimama. Akanywa. Nikaendelea kusimama. "Kuna sukari nyingine inakuja?"

"Babu yangu pia," nikasema.

"Babu yako pia nini?"

Nilionyesha kidole mguu wake. Alijitazama mguuni, kisha akanitazama mimi, na kikombe akakiweka chini polepole.

"Soksi gani?"

"Ya kulia."

"Mpini juu ama chini?"

"Juu."

"Wewe mutoto wa nani?" aliuliza, na sasa hakuwa anatania.

Nilimweleza kwa sentensi fupi fupi, nikitazama ndoo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kila mpiganaji msituni alikuwa na kijiko, wengine mfukoni, wengine begani. Lakini kukiweka kwenye soksi ya kulia, mpini juu, ilikuwa amri ya kombania moja tu, na yeye aliingia humo akiwa na miaka kumi na saba. Kabla ya chakula mnasimama mstari, mnapandisha suruali. Asiye na kijiko anakula wa mwisho.

"Amri ya kamanda?" nikauliza.

"Kamanda! Kamanda mwenyewe alipandisha suruali. Amri ya jikoni."

Hakumkumbuka Gerishon yeyote. "Majina ya kweli hatukuulizana. Ukikamatwa utataja nini usichokijua? Lakini yuko Paul. Paul alikuwa anabeba sufuria la kombania, anawajua watu wote kwa matumbo yao. Ijumaa Waganda tunakutana Al Wakrah. Babu yako hakuacha kitu kingine? Picha? Karatasi?"

"Wimbo," nilisema, na papo hapo nikajuta.

"Basi utauimba."

Nilimwambia Velma siendi. Velma akaniambia yeye anaenda, posho, ule ugali wa Waganda, haiachwi, na mimi nitaenda kama mzigo wake.

Ijumaa baada ya sala ya mchana tulifika Al Wakrah, mji ulio kusini mwa Doha. Uani mwa nyumba ya walinzi walikuwa wanaume kumi na wanne, wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa na makreti ya soda, na katikati sufuria kubwa juu ya jiko la gesi. Mzee mmoja mwembamba alikuwa anasonga kwa mwiko mrefu kama jembe. Huyo ndiye Paul, dereva wa lori la maji.

"Huyu ndiye mutoto wa kijiko," Dominiko alitangaza. "Nyamazeni, ataimba."

"Aimbe tukishiba!" mmoja akapaza sauti.

"Ukishiba wewe hausikii hata adhana," Dominiko akamjibu, wakacheka wote.

Nilitamani ardhi ya Qatar inimeze, mchanga na kila kitu. Velma akanisukuma mgongoni kwa kidole. Nikafumba macho. Babu alikuwa akiniimbia wimbo huo akinipeleka mtoni, mimi nikipiga hatua nyuma yake kama askari mdogo, na siku zote niliujua kama wimbo wa gwaride. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyekabwa:

*Kushoto, kulia, kushoto, kulia,*
*unga haujui cheo,*
*mwenye kijiko asogee...*

Hapo mstari uliofuata ukanipotea. Nilisimama na mdomo wazi mbele ya wanaume kumi na wanne. Kisha nikasikia sauti nzito, yenye mikwaruzo, ikitokea kwenye mvuke wa sufuria:

*...asiye nacho apige saluti kwa sufuria.*

Nikafumbua macho. Paul alikuwa bado anasonga. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mwiko ulikuwa unafuata wimbo ule ule. Haukuwa wimbo wa gwaride hata kidogo. Ulikuwa wimbo wa kusongea ugali.

"Moto," Paul alisema. "Huyu ni mutoto wa Mzee Moto! Mkenya! Anacheka kama anakohoa?"

"Ndiyo," nikasema. Nyumbani sisi wajukuu tulikuwa tunamwiga.

Aliacha mwiko, ugali ukaungua kidogo chini, na hakuna aliyemlaumu. Alinisimulia akiwa amenishika mikono miwili. Babu hakuwa sajini. Kule msituni, alisema, watu kama wao hawakuwa na cheo chochote. Alikuwa mpishi. Aliwapikia watu themanini, mara nyingine kwa mihogo ya kuokota, mara nyingine kwa maharagwe ambayo yeye tu alijua alikoyapata. Alipika kabla ya alfajiri ili moshi usionekane. Bunduki alikuwa nayo, ameilaza kando ya kuni, na siku mbili Paul alimwona akiitumia, akitetea sufuria na wagonjwa waliolala nyuma yake.

"Na Kampala?" nikauliza. "Baba mdogo alimtafuta kwenye orodha."

"Orodha gani? Tulipoingia mjini tukapangwa mstari kuandikwa majina. Moto akaniachia mwiko. Akasema, 'Paul, mimi nina mke sijamwona miaka minne, nikisimama kwenye mstari huu nitasahau njia.' Akaondoka na kijiko chake."

Dominiko alikuwa anapangusa macho, akisema ni mvuke. Kisha akaniuliza, "Na kijiko chenyewe? Mlimzika nacho?"

"Hakikuonekana," nilisema, nikatazama chini.

Tuliporudi kambini, kwenye mabweni yetu ya wafanyakazi, nilimpigia Nyanya, naye akaniweka kwenye spika, maana baba mdogo alikuwapo. Nilisema yote bila kupumzika. Nadhani hayo yalikuwa maneno mengi kuliko niliyowahi kusema kwa mara moja.

Wa kwanza kuongea alikuwa baba mdogo. "Mpishi?" alisema, kama mtu aliyekanyaga kitu. "Baba yangu? Mpishi?"

Kwetu mwanamume wa umri wa babu hagusi mwiko. Akionekana jikoni, watu wanauliza kama mke amekufa. Nilielewa hapo hapo, nikiwa nimeshika simu: babu alisikia majirani wakimwita mtu wa magendo miaka kumi na mitatu, akanyamaza, kwa sababu magendo yalikuwa na heshima kuliko sufuria.

Niliogopa Nyanya naye atasema nini. Kisha kikaja kicheko, kikaja kingine, mpaka nikasikia kiti kinalia chini yake.

"Watu themanini!" alisema. "Themanini! Na mimi nikiumwa hakunichemshia hata yai! Anakaa hapo ananiambia, 'Mama Jeremiah, moshi unaniumiza macho.' Muongo huyo!" Akacheka tena. "Ndiyo maana kila siku saa kumi alfajiri yuko nje, anazunguka uani bila kazi. Mimi nikidhani anawaza mwanamke wa Uganda. Kumbe anatafuta kuni!"

"Sasa jiwe tutaandika nini, Mama?" baba mdogo aliuliza kwa unyonge. "Hatuwezi kuandika mpishi. Watu watacheka."

"Wacheke. Mimi nimecheka na sijafa." Sauti yake ikatulia. "Loice, rudia pale. Alisema nini kwenye mstari?"

Nikarudia. Ana mke hajamwona miaka minne, akisimama kwenye mstari atasahau njia.

"Haya," alisema Nyanya. "Nimeipata miaka yangu."

Kaburi lilijengwa Jumamosi ya pili ya Desemba. Walinipigia fundi akiwa bado amechuchumaa na mwiko wake wa simenti, nami nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ghorofa ya nne. Baba mdogo alinisomea jiwe kwa sauti, na sikusikia unyonge ndani yake: GERISHON, MZEE MOTO. ALIWAPIKIA WATU THEMANINI VITANI. AKAKUMBUKA NJIA YA NYUMBANI. Majirani waliokuja walikuwa tayari wanabishana ni madebe mangapi ya unga yanatosha watu themanini.

"Kimebaki kitu kimoja," Nyanya alisema. "Simenti bado mbichi. Kama Jeremiah asingekipoteza kijiko cha baba yake, leo tungekibandika hapa juu."

"Mama, miaka kumi na tano sasa! Sikukigusa!"

"Wewe ndiye uliyemvisha soksi."

"Nilimvisha nacho! Nilikiweka kwa mkono wangu, mpini juu!"

Nilisikia watu wakicheka huko kaburini, wakimtania baba mdogo kama kila mwaka. Nilikuwa na ndoo kando yangu, na kwenye mfuko wa aproni bakuli la wali wangu wa mchana, na pamoja na bakuli kitu nilichokuwa nimekibeba kutoka Samia hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Doha. Nikakishika. Mpini umelika upande mmoja, mahali palipokuwa panagusa mfupa wake.

"Nyanya," nikasema, "mwache baba mdogo. Kijiko ninacho mimi. Nilikitoa kwenye soksi kabla hawajafunga sanduku, kwa sababu nilijua hawezi kula bila kijiko, nikafikiri atarudi kukichukua."