Kikombe cha Pua

Mlipita pale. Msiniambie hamkupita. Kila asubuhi mlikipita kile kiwanda cha ngozi mmeziba pua kwa leso, mkakaza mwendo, na hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza wanaoshinda humo ndani wanaziba pua zao kwa kitu gani.

Wanaziba kwa kikombe cha bati kilichojaa pombe kali. Kimoja asubuhi kabla ya kushuka kwenye mashimo ya chokaa, ambamo ngozi mbichi hulowekwa mpaka manyoya yatoke. Kimoja adhuhuri. Kimoja jioni, wasahau uvundo kabla ya kurudi kwa wake zao. Wenyewe hukiita kikombe cha pua. Na aliyekimimina kwa miaka tisa mfululizo ni mtunza stoo, mwanamke waliyemwita Dada Funguo kwa lile shada la funguo lililoning'inia kiunoni mwake.

Dada Funguo hakutaka hata kuisikia pombe. Ilimmaliza baba yake hajafika miaka arobaini, naye akaapa haitakanyaga tena nyumbani kwake. Haikukanyaga. Mpangaji aliyeingia na chupa moja alitupiwa virago siku ileile. Mdogo wake, aliyemlea mwenyewe, alimtafutia kazi mashimoni alipotimiza miaka kumi na sita, akamshukuru Mungu kwamba kijana ana ajira na hanywi.

Kikombe cha pua? Hicho hakikuwa pombe. Kilikuwa kifaa cha kazi. Alikiweka rafu moja na mabuti na glavu.

Kisha pampu ya maji ikafa, kiwanda kikafungwa. Siku ya pili, saa sita mchana, kijana alikuwa mezani anahangaika kufikisha kijiko mdomoni.

"Mikono ina nini hiyo?"

"Homa tu, dada. Leo hata mchuzi unanikimbia."

Wakacheka. Kicheko hakijatulia, kijana akakakamaa, akaenda chini na kiti chake, povu mdomoni, visigino vikipiga sakafu.

Zahanatini, nesi mmoja mtu mzima, asiye na papara, aliuliza, "Anakunywa?"

"Hanywi. Nimemlea mwenyewe."

"Mama, malezi sijauliza. Mwili uliozoea pombe kila siku, ukiukatia ghafla, unaweza kufanya hivi. Ukinificha nitamtibu malaria, na utaondoka na maiti. Anakunywa?"

Alifungua mdomo aseme hapana. Funguo zikagonga chuma cha kitanda.

"Kwani," aliuliza taratibu, "na kikombe cha kazini kinahesabiwa?"

Kalamu ya nesi ikasimama. "Vingapi?"

"Vitatu kwa siku."

"Alianza lini?"

"Akiwa na miaka kumi na sita."

"Kuna mlevi mwingine kwenu?"

"Baba yetu."

Nesi akashusha pumzi. "Mtoto wa mlevi, mkampa angali mdogo, tena kila siku, tena kazini ambako hawezi kukataa. Mlitaka awe nani? Na nani anampimia?"

Dada Funguo akakaa palepale sakafuni, kama mtu aliyepigwa rungu.

"Mimi," alisema. "Kwa mkono huu."

Sindano ikamtuliza kijana. Lakini Dada Funguo hakutulia, kwa kuwa alikuwa na hesabu nyingine kichwani: wenzake kijana wa mashimoni, thelathini na mmoja, nao walikuwa nyumbani, siku ya pili, bila kikombe. Alikimbia nyumba hadi nyumba. Wawili aliwakuta wanatetemeka, akawafikisha kwa nesi. Wa tatu, fundi mkongwe aliyeitwa Chokaa, alikuta watu wanarudi kutoka kumzika. Kifafa, walisema, tena wakashangaa, maana hakuwahi kuwa nacho.

Nanyi mnasema mlevi kajitakia.

Pampu ikapona. Asubuhi wakapanga foleni mlangoni pa stoo, mikono kwapani kuficha mtetemeko. Angeweza kulimwaga pipa lote mtaroni, na roho yake ilitaka hivyo, lakini nesi alikuwa amemkanya: ukiwakatia kwa mkupuo utawazika. Wapunguziwe polepole, chini ya macho yake, na dawa.

"Mimina, Dada Funguo," msimamizi alisema. "Watu wanachelewa kushuka."

"Namimina kipimo alichoandika nesi. Yuko getini. Mfungulie."

"Nesi wa nini? Hapa hakuna mgonjwa. Hakuna hata mlevi."

"Hivyo ndivyo nilivyosema na mimi," alijibu, "mdogo wangu akiwa na povu mdomoni."

Geti halikufunguliwa.

Halijafunguliwa hadi sasa. Nesi yupo nje na mkoba wake, na wewe unapita hapo na leso yako. Itoe puani. Simama. Gonga geti hilo pamoja naye, na usiondoke mpaka lifunguliwe. Leo hii, kabla ya kikombe cha adhuhuri.