Wazee wa Klabu

Wekesa alikuwa na ugonjwa mmoja, na Port Victoria nzima iliujua: alipenda kuitwa baba mkwe wa Odongo. Kwenye kibanda chake cha samaki alikuwa ametundika jezi ya kijani ya Ziwa Rangers, namba tisa mgongoni, na mteja mjanja hakuanza kwa kuuliza bei ya mbuta. Aliuliza kwanza Odongo alifunga mangapi Jumapili, kisha akapunguziwa bila kuomba. "Mzee wangu huyu," mkewe Debra alikuwa akisema, "ukimsifia mkwewe atakupa na mizani uende nayo."

Ndiyo maana siku binti yake Nabalayo, mke wa Odongo, aliposhuka kwenye bodaboda akiwa na mkono ndani ya plasta na pengo mahali pa jino la mbele, jicho la Wekesa halikwenda kwenye mkono. Lilikwenda barabarani, kutazama ni nani amemwona. Aibu gani hiyo, baba mzima kuchungulia majirani huku mwanawe analia mlangoni! Lakini ndivyo alivyofanya, na hakuna haja ya kumpaka mafuta.

Nabalayo alikuwa ameshapiga ripoti polisi, kwenye dawati la jinsia huko Kisumu. Odongo alikuwa amekamatwa, akalala ndani, akatoka kwa dhamana, na sasa kesi ilikuwa inangoja kupelekwa kortini.

"Safari hii simrudii," alisema. "Si mara ya kwanza kunipiga, Baba. Ni mara ya kwanza mfupa kuvunjika."

Kwao, mke akikimbilia kwa wazazi wake, mume humfuata, wala hafuati peke yake. Huja na baba zake wadogo. Huketi mbele ya wazee wa mke, akataja kwa mdomo wake mwenyewe alichokifanya, akatozwa faini, na wale aliokuja nao wakawa wadhamini wake. Akirudia, wao ndio huulizwa, kwa sababu mtu anaweza kuhama lakini ukoo hauhami. Maneno yakikubalika, jogoo huchinjwa na wageni hula. Yasipokubalika, hurudi na njaa yao.

Kwa hiyo gari kubwa jeupe liliposimama uani Jumamosi ile, Wekesa alitarajia kuona wazee wa Kijaluo wakishuka na fimbo zao. Aliyeshuka ni Owiti, katibu wa klabu, na nyuma yake Bwana Mehul, mwenyekiti, mwenye kiwanda cha sabuni mjini. Odongo hakuwamo.

"Kijana yuko wapi?" Wekesa aliuliza walipokwisha kuketi. "Na baba zake wadogo?"

"Mzee, baba zake ni sisi," Owiti akajibu. "Hiyo nyumba anakaa Mamboleo, pale Kisumu, ni sisi tunalipa. Akiugua, ni sisi. Klabu ndio ukoo yake. Unaona mwenyekiti mwenyewe ameacha kazi akakuja kwako."

Bwana Mehul aliinamisha kichwa. "Tumekuja kwa heshima, Mzee. Mimi pia nina binti."

"Basi mwenye kosa angekuja aseme kosa lake."

Owiti akavuta kiti karibu. "Alitaka kuja, haki ya Mungu. Wakili akakataa. Akisema pole, hiyo ni kukubali. Ligi ikisikia amekubali, wanamsimamisha. Na hii kesi ikiingia korti, hachezi mpaka iishe, na kesi za hapa kwetu unazijua, zinaweza zeeka kuliko hakimu. Kwa hivyo leo hatusemi kosa. Tunasema kutoelewana."

Debra alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa begani. "Kutoelewana ndiko kumevunja mkono?" aliuliza.

Hapo ndipo Wekesa alipopaswa kuinuka, awashukuru wageni kwa safari, awafungulie lango. Mtu asiye na baba mdogo wa kumsindikiza, asiye na ulimi wa kutaja kosa lake, hajaja kuomba mke. Wekesa alilijua hilo tangu utotoni. Lakini nje majirani walikuwa wamejaa kwenye ua wa michongoma wakilishangaa gari, na Bwana Mehul alikuwa akisema kwa upole kwamba angefurahi kuketi na mzee katika viti vya wageni wa heshima mechi ijayo. Kichwa kikamvimba.

"Na akimgusa tena?"

"Akimgusa tena, kuja kwangu," Owiti alisema, akijipiga kifua. "Usiende kwa mtu mwingine. Mimi na klabu tumesimama dhamana."

Dhamana ndilo neno Wekesa alilokuwa akilingoja. Akaamuru jogoo achinjwe. Debra akaweka kisu mezani, akaenda kuketi nyuma ya nyumba, ikabidi mzee amkimbize jogoo mwenyewe mbele ya wageni na kumwomba jirani aje kupika. Bwana Mehul hali nyama. Aliomba radhi akanywa soda. Owiti alikula kwa niaba ya wote, akapewa firigisi kama mkubwa wa ukoo, akaitafuna.

Wageni walipoondoka, Nabalayo alitoka chumbani. "Hao si wazee wake, Baba. Hao ni waajiri wake."

"Wamekula kwangu," Wekesa alisema. "Yamekwisha."

Yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka Kisumu kuifuta kesi, akiwa amemshika ule mkono mzima. Polisi wa dawatini, mama mmoja mwenye miwani, alimwuliza Nabalayo kama kuna aliyemlazimisha kuondoa malalamiko. Nabalayo alimtazama baba yake. Baba yake akaitazama kofia yake. "Nimemsamehe," binti akasema, na siku hiyohiyo akarudi Mamboleo. Jumapili Wekesa aliketi kando ya Bwana Mehul, Odongo akafunga mawili, na mzee akapiga makofi mpaka viganja vikamwaka moto.

Dirisha la usajili lilipofunguliwa Januari, timu kubwa ya Nairobi ikamnunua Odongo. Wekesa alizisikia habari hizo redioni akiwa kibandani, akawagawia watu omena bure. Wiki haikuisha, simu ikalia. Lornah, jirani wa Nabalayo huko Mamboleo, alikuwa akipiga kelele hata hasikiki. Nabalayo alikuwa amemwambia mumewe kwamba Nairobi haendi, ana kazi yake ya saluni. Odongo alimpiga kwa kiatu chake cha mpira, kile chenye meno.

Jicho la kushoto madaktari hawakuweza kuliokoa.

Wekesa alimwacha Debra kando ya kitanda hospitalini akaenda moja kwa moja hadi ofisi ya klabu. Ndani yake palikuwa na uhakika fulani: ana mdhamini, na mdhamini ana mlango wa kubishwa.

Owiti alisimama kumpokea, akampa pole nyingi, za kweli kabisa. Kisha akasema, "Lakini Mzee, Odongo si mchezaji yetu tena."

"Ulisema nije kwako."

"Nilisema. Wakati huo alikuwa wetu. Sasa amehama, ni wa Nairobi. Hiyo maneno ni yao."

"Na ligi?"

"Ligi inaangalia kesi iko korti. Ile ya kwanza si mliiondoa nyinyi wenyewe? Kwa karatasi zao, huyo kijana ni msafi."

Wekesa alishika ukingo wa meza. "Hao watu wa Nairobi walianza kumtaka lini?"

Owiti hakuwa mtu mbaya wa kutunga uongo papo hapo. "Walikuwa wanamwangalia tangu Novemba," alisema.

Novemba ndio mwezi waliokuja na gari jeupe. Wekesa ameuza samaki maisha yake yote, na anajua kwamba samaki wa kuonyeshwa mnunuzi huoshwa damu kwanza. Hakujua kwamba siku ile aliyeitwa kuosha ni yeye.

"Na binti yangu," aliuliza, "mlimuuza pamoja naye?"

"Hiyo uliza mwenyekiti," Owiti akasema. Bwana Mehul alikuwa safarini.

Wekesa alirudi wodini, akaketi kitini mbele ya kitanda. Nusu ya uso wa Nabalayo ilikuwa ndani ya bandeji. Akamwambia yote upesi upesi: kwamba wataenda polisi tena, kwamba safari hii yeye baba yake atasimama mwenyewe kizimbani kusema alivyomfanya aiondoe kesi, kwamba akipona kidogo tu watakwenda wote nyumbani akapumzike.

"Polisi nitaenda na Mama," Nabalayo alisema. Sauti yake ilitoka kwa shida. "Huko nyumbani nilikimbilia mara moja, ukanirudisha."

Wekesa alikivuta kiti karibu zaidi na kitanda.

"Mama," Nabalayo akaita, "mwambie Baba asogeze kiti. Amenikinga mlango. Jicho ni moja, nataka kuona nani anaingia."

Wekesa aliinuka, akakisogeza kiti hadi ukutani, akabaki amesimama.