Namba Chini ya Liwa

Mama alinikamata kifundo cha mkono, pamba iliyolowa ikiwa bado vidoleni mwangu. "Ukifuta hapo, Ponnarasi, umefuta dua zangu za miaka tisa."

Alichokilinda ni tone la liwa ya msandali, lenye unga mwekundu katikati, lililokaukia kifuani pa kompyuta ya baba. Kila Ayudha Puja, siku ambayo mji wetu mzima wa Kanchipuram hulaza zana zake na kuziheshimu, mama alianza na mikasi, akaja kwenye baiskeli, akamalizia na kompyuta, akiongeza tone jipya juu ya la mwaka uliopita. Kompyuta haina paji la uso. Ilikuwa na kibandiko cheupe, basi hicho akakifanya paji.

Na kwenye kibandiko ndiko ilikoandikwa namba ya leseni.

Nilikuwa na miezi miwili tu tangu nimalize stashahada ya kompyuta, nikijiona najua kila kipitacho ndani ya waya. Juma moja kabla, radi iliiua kompyuta ile. Tukanunua nyingine, sanduku jeusi lisilo na kitu tumboni. Michoro ya baba, pindo za sari mia tatu na ushei, ilikuwa salama kwenye diski, ila ilifunguka kwa programu moja tu, ile iliyotoka dukani ikiwa imo ndani ya kompyuta ya zamani. Toleo jipya lake, ambalo baba alilinunua baadaye, tulikuwa nalo kabatini. Nililipakia, likagoma; lilitaka kwanza namba ya mzazi wake, ile programu ya zamani. Na baba asingeweza kuchora upya. Tangu kiharusi, hata kikombe cha kahawa alikishika kwa mikono miwili.

Nilipiga simu Chennai, kwa kampuni. Dada aliyepokea alinieleza kwamba programu inayokuja na mashine ni ya mashine, si ya mtu. Mashine ikifa, nayo imekufa. Nikamwuliza kitu kisichoshikika huzikwaje. Akacheka. Kisha akasema wao huruhusu uhamisho mara moja, kwa atakayetaja namba yote, tarakimu na herufi ishirini na tano.

Mimi nilikuwa nazo ishirini na tatu.

Siku hizi unahama na nenosiri lako kichwani, umemaliza. Lakini siku ile kazi yote ya baba ilikuwa chini ya tone la liwa, na mama, nilipomweleza hayo, alikuwa ameniachia mkono ili alibandue mwenyewe. Alilowesha ukucha kwa maziwa, akanong'ona kitu, akaupenyeza chini ya gamba. Likabanduka zima. Chini yake kibandiko kilikuwa cheupe pe.

Mama akakaa sakafuni. "Nimeila kazi ya baba yako kwa mkono wangu," alisema.

Sikumfariji, nakiri. Nilikuwa najiuliza wino umekwenda wapi. Nikaligeuza lile gamba. Mgongoni mwake, hafifu kama mshipa wa jani, palikuwa na alama mbili zilizotazama kinyume. Nikalipeleka kwenye kioo cha kuchania nywele. R, na saba.

Dada wa simu aliipokea namba, akataja sharti la mwisho: mashine ya zamani isitumike tena, hata ikipata fundi. Baba akaniomba simu.

"Inaweza kukaa mezani pake?"

"Inaweza, mzee. Mradi isichore."

"Kama mimi," alisema baba, akanirudishia simu.

Mchoro wa kwanza ulifunguka kabla ya chai ya saa kumi. Kasuku wakajipanga kwenye pindo, mmoja nyuma ya mwingine, kila unyoya mraba kwa mraba. Baba, ambaye tangu augue alikuwa akiipita meza ile bila kuitazama, alivuta kiti, akaegemea karibu na kioo cha kompyuta.

"Shingo ya hawa imezidi mraba mmoja," alisema.

Nikahesabu. Ilikuwa imezidi kweli, na sijui mabibi harusi wangapi walikuwa wameshaivaa sari hiyo. Nikaipunguza.

"Bado. Na mdomo."