Uso wa Wybrand

Hillegond alikuwa akikwangua ukosi wa shati katika picha ya marehemu mume wake pale mume mwenyewe alipoingia jikoni, akavuta kiti, akaketi karibu na moto. Wiki nzima Hillegond alikuwa amelichokora bamba la shaba la kuchapia picha kwa chuma chenye meno, mpaka likawa la kuchapa weusi mtupu. Sasa alikuwa akiutoa uso humo gizani, kidogo kidogo.

"Nifanyie masikio basi," alisema Wybrand. "Nakusikia kwa mbali."

"Nimekupa mdomo, tayari umeanza kulalamika."

Alimkwangulia masikio alasiri ileile. Tangu hapo Wybrand alikuja kila jioni, akanusa supu ya njegere na kukosoa mkate. Hillegond, aliyekuwa amechoka kuongea na sufuria, alifurahi waziwazi.

Lakini shaba ilikuwa ya Bwana Joost, mwenye duka la picha pale mjini Haarlem. Alipoifuata, aliinamia ule uso.

"Nani huyu, mama?"

"Mume wangu. Alikuwa mwoka mikate."

"Mwoka mikate nani atamnunua? Nahodha Terbrugge kafa vitani, watu wanamlilia na sura yake hawaijui. Huyu atafaa."

"Nitampoteza, Bwana Joost."

"Utampotezaje na atakuwa kwenye kila ukuta?"

Bwana Joost akachonga chini ya picha jina la nahodha, na mahali pa mchoraji akachonga lake mwenyewe, kama walivyozoea wenye maduka.

Jioni iliyofuata Wybrand hakuja. Siku chache baadaye muuza samaki alimweleza Hillegond kwamba siku hizi Wybrand anakula kwa mjane wa nahodha, anasimulia vita vizuri tu, ila anaamka mapema mno na kutafuta unga.

Jumapili, baada ya ibada, Hillegond alikutana nao darajani, wameshikana mikono. Wybrand alivua kofia.

"Tunafahamiana, mama?"

Mjane alikuwa akicheka kwa jambo fulani, na Hillegond alijua nyumba ya mjane inavyokuwa jioni.

"Hapana, Nahodha," alisema, akawapisha.

Kesho yake Bwana Joost alimletea bamba jipya. Alitaka mhubiri, uso wowote ule. Hillegond alimkwangua mtu ambaye hajawahi kumwona, akamtia masikio na mdomo, na jioni hakuja mtu.