Damu ya Mzee

Watu wa kwaya walitaka majoho yao thelathini yatiwe rangi upya: damu ya mzee, si nyekundu, si zambarau, na waliyataka Jumamosi. Mama Rangi akawaambia wakalale usingizi wao. Rangi hiyo alikuwa ameipika na mumewe miaka ishirini, na kipimo chake kilikuwa kitabuni.

Kitabu chenyewe siku hizi kilikuwa ndani ya kibao cha kielektroniki cha kusomea. Kililetwa mwezi uliopita na mwanawe, ambaye mtaani walimwita Msomi naye hakulikataa jina. Alisema vitabu vyote vya kabatini vimo humo, kwa hiyo vile vya karatasi atamtunzia kwake, visiliwe na mchwa. Mama akashukuru mpaka akatokwa na machozi.

Basi akaketi kando ya mapipa, akafuta mikono, akakiwasha. Ukurasa wa rangi ukafunguka: miraba kumi na miwili ya mifano, yote kijivu. Damu ya mzee na kijani kibichi vilifanana kama mapacha. Akadhani ni vumbi, akasugua kioo kwa pindo la aproni; kumbe kibao chenyewe hakionyeshi rangi.

Hilo angelimeza, macho yake yanajua rangi. Alichotaka ni maandishi ya pembeni, ya penseli, ya marehemu mumewe. Waliotunga kitabu walikuwa na maji matamu; ya kisima chake yana chumvi, na mumewe alikuwa amekata kila kipimo akaandika chake. Mama akapitisha kidole pembeni mwa ukurasa. Peupe.

Akampigia mwanawe simu. "Baba, niletee kile kitabu cha rangi. Leo hii."

"Si kimo humo, mama?"

"Humu hamna maneno ya baba yako."

"Yale machorochoro? Mama, mimi nilikutafutia nakala safi makusudi. Ile ilikuwa imechafuliwa kila ukurasa."

"Kiko wapi?"

"Usikasirike lakini…"

"Nimekuuliza, kiko wapi?"

"Nilimpa yule mkusanya makaratasi. Vyote. Siku ile ile."

Siku ile ile! Na mwezi mzima, kila alipoulizwa, alijibu kwamba viko stoo, amevifunika kwa nailoni. Hiyo nailoni ndiyo iliyomchoma mama. Uongo wa haraka humponyoka mtu. Huu mwanawe aliukalia chini akaushonea na pindo. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye maisha yake yote alikuwa akikagua nguo za wengine.

Alijaribu kwa kukisia. Joho la kwanza likatoka rangi ya kutu, la pili likatoka baya zaidi. Kabla jua halijazama aliwaita watu wa kwaya wachukue majoho yao, akaomba radhi mlangoni kama mwanagenzi.

Msomi alifika wakati wanaondoka. Akakichukua kile kibao, akachangamka kidogo.

"Tazama, mama. Ukibonyeza hapa unaandika pembeni vilevile. Nitajie maneno ya baba, nikuwekee yote."

Akasubiri, kidole juu ya kioo.

Tangu azaliwe, mama yake hakuwahi kumwita ila "baba" au "mwanangu".

"Msomi," alimwambia, "kama ningeweza kuyakumbuka, baba yako angeyaandika ya nini?"